Zamu ya Kwanza ya Upasuaji

Mwaka juzi sauti yangu ilikauka hadi mke wangu akawa ananielewa kwa kunitazama midomo. Daktari wa koo mjini Arusha akasema lazima nilazwe, apitishe kifaa kooni na kukata kinyama cha kwenda kupimwa. Wodini nikakuta kitanda cha pili kina mtu: jirani yangu wa huku juu ya Usa River, ambaye mpaka wetu ni mstari wa mimea ya masale tu. Yeye alikuja kutolewa vinyama vya pua.

Nilimwonea wivu mtu yule tangu tukiwa vijana. Kahawa yake ilipokelewa chamani, yangu ikarudishwa nikaichambue upya. Wanawe walisoma, wakajenga mjini, mtaa wa Sakina. Hata wodini walikizunguka kitanda chake na chupa za mtori wa ndizi. Mwanangu alipiga simu akasema kazi zimembana.

Jioni nesi akaja kutuuliza maswali, mmoja mmoja.

"Shikamoo, baba. Unakohoa? Unatoka jasho usiku?"

"Marahaba," nikanong'ona. "Na anayekohoa mnamfanyaje?"

"Tunamweka wa mwisho, au tunamwahirisha mpaka apimwe makohozi. Daktari anafanya kazi mdomoni kwako kabisa, baba. Ukikohoa, hewa yako inabaki mle chumbani. Akiingia mwingine kabla haijatoka, anaivuta."

Nilikuwa nakohoa tangu tulipovuna mahindi. Lakini wa mwisho? Nyuma ya yule?

"Sikohoi," nikasema. Kikohozi kikanipanda palepale, nikakibana mpaka machozi yakanitoka. Nikamwambia ni vumbi la barabarani.

Asubuhi akatutangazia: mimi wa kwanza, jirani wa pili. Jirani akajipiga paja.

"Leo umenishinda, mzee mwenzangu! Haya, tangulia ukanipashie kitanda moto."

"Utasubiri sana," nikamjibu.

Nilifurahi kama mtoto siku ya kipaimara. Nikawa namtazama kitandani pake, nikiifaidi furaha yangu. Pua zake zilikuwa zimeziba kabisa, kwa hiyo alipumua kwa mdomo, akiimeza hewa kwa nguvu kama mtu anayepanda mlima na mzigo. Ndipo nikaona nilichokuwa nakifanya. Hewa nitakayoiacha mle ndani ataimeza hivyohivyo.

Nikamwita nesi pembeni. "Binti yangu, nilikudanganya. Nakohoa. Siku nyingine makohozi yanatoka na damu."

Hakunifokea. Alinipa barakoa, akanihamishia chumba cha peke yangu, akafungua madirisha yote. Alipokuwa anatoka akasema, "Baba, kwenye upasuaji mimi ndiye ningekuwa nimekushika kichwa."

Nikiwa dirishani nikamwona jirani anasukumwa kuelekea chumba cha upasuaji.

"Umeogopa kisu?" akanipigia kelele.

"Nenda zako," nikasema. Wa kwanza yeye, tena.

Makohozi yalionyesha kifua kikuu. Nikaanza dawa, na sauti ikarudi polepole, ingawa inakwaruza. Huku nyuma jirani aliwasimulia watu kanisani kwamba nilimpisha zamu yangu kwa wema. Waumini wakanipa mikono. Maisha yangu yote nilitaka kusifiwa mbele yake, na sasa yeye ndiye aliyenisifu, kwa jambo ambalo sikulifanya. Nilivumilia Jumapili kadhaa, kisha nikamfuata shambani kwake, nikamweleza yote, na kwamba tulilala chumba kimoja usiku ule, hivyo akapimwe.

Aliacha kuchuma kahawa. "Yaani ulikuwa tayari niivute ile hewa?"

"Nilitaka kutangulia tu. Wewe sikukuwaza."

"Hilo ndilo baya," akasema, akanipa mgongo.

Siku zilizofuata alipita bila kunisalimu. Sikuwa na haki ya kulalamika. Usiku nilimwomba Mungu mtu yule asiugue, na ilikuwa mara ya kwanza kumwombea mema.

Ndipo akaja mwenyewe nyumbani, akasimama mlangoni. Alifumba mdomo, akavuta hewa kwa pua, taratibu, mpaka kifua kikajaa.

"Wamenipima. Niko salama. Mwambie mama atuwekee chai."

Nilishukuru kwa moyo wote. Lakini nilipomtazama akikoroga sukari, anapumua kwa raha, amenisamehe bila hata kujikaza, nikajua mimi nisingeweza kumfanyia hivyo. Wivu ukanishika upya.