Mzazi Mlangoni kwa Bi Threlfall

Nesi Winifred Haslam alikuwa mkunga wa mji wa Calderwick, na tangu vita na Wajerumani vianze hakujua kupumzika. Aliwazalisha mabinti aliowapokea yeye mwenyewe walipozaliwa, na wote aliwagombeza sawasawa: nyonyesha, kunywa maziwa yako, yai lako usimpe mumeo! Mkali kweli, lakini akishaondoka unajikuta umepata nguvu.

Jambo moja tu lilimshinda. Kwa wanawake wa mtaa ule, mzazi aliyetoka kujifungua ambaye hajaenda kanisani kuombewa haingii nyumba ya mtu, maana ataingia na mkosi.

Asubuhi moja alikuwa kwa Doris Pilling, akimwogesha mwanawe wa wiki moja, king'ora kikalia. Handaki la kujifichia lilikuwa uani kwa jirani, Bi Threlfall, mjane mwenye mdomo. Wakakimbilia huko. Bibi kasimama mlangoni, kaziba.

"Wewe Nesi pita. Huyo hajaombewa."

"Bi Threlfall, mabomu yanakuja!"

"Ndiyo maana sitaki mkosi humu!"

Doris, maskini, akageuka arudi kwake. "Ni kweli asemayo, Nesi. Mchukue mtoto tu."

Winifred aliumia kuliko kama angetukanwa yeye. Akajibwaga kwenye matope mbele ya handaki, mtoto kifuani. "Basi na mimi siingii. Tufe wote hapa, uje utuzike, roho yako isuuzike!"

Ndege zikaanza kunguruma. Bibi akamtazama mtoto. Akatoa maneno yasiyosemwa kanisani, akatoka, akamsukuma Doris ndani, Nesi na mtoto wakafuata.

"Lakini mimi na yeye hatukai pamoja, ng'o!" Akaenda kujibanza kwenye kibanda cha makaa, sufuria kichwani. Winifred alimwita mpaka sauti ikamkauka. Kisha ardhi ikaruka.

Walipotoka, nyumba ya Doris ilikuwa kifusi. Winifred akakimbilia kibandani, roho mkononi. Bi Threlfall alikuwa akitoka kwa magoti, mweusi tii, anakohoa na kuwalaani Wajerumani. Nyumba yake ilisimama, ila haikubaki na kioo hata kimoja. Doris alibaki kule uani na mtoto wake, hana pa kwenda, wala hathubutu kusogea.

Bibi akamwangalia, akaiangalia nyumba.

"Unangoja nini na baridi yote hii? Mkosi umeshatangulia kuingia, wala haukupiga hodi. Mlete huyo mtoto ndani."