Mlango wa Nyuma

Mama anayeshika funguo za ukumbi wa kaunti pale Nakuru huvaa koti la kijani lenye mfuko mmoja ulioning'inia kwa uzito wa funguo kumi na tisa. Anazijua kwa kidole gumba, kama mtu anayechambua maharagwe huku akiongea. Kila asubuhi, kabla vumbi la ziwani halijaamka, hupitisha kiganja ukutani akitafuta ufa mpya. Akiupata huuzungushia chaki na kuandika tarehe, kisha huwasumbua watu wa ofisi ya majengo mpaka waje. Viti vikiazimwa kwa harusi, vikirudi hukigeuza kila kimoja miguu juu, atazame namba nyekundu aliyoipaka mwenyewe. Sauti yake ni ya chini. Hata wanakwaya hunyamaza ili waisikie.

Jumanne moja alikuja bwana wa suti na barua mkononi, akawatangazia akina mama wa chama waliokuwa uani kwamba jumba lile sasa ni lake. Mama wa funguo alimpa ufunguo wa mlango wa nyuma.

"Kama ni yako, boss, fungua tu."

Bwana akazungusha, akasukuma, akapiga teke, jasho likamtoka. Mlango ukakaa vilevile. Ndipo mama akasogea, akauinua kidogo kwa bega, kama afanyavyo tangu bawaba ya juu ilegee, ile iliyomfanya aiandikie ofisi ya majengo barua tatu, na mlango ukafunguka bila kelele. Akamnyooshea kalamu na daftari.

"Karibu. Andika jina hapa, kwenye safu ya wageni."