Bia Isiyo na Mpishi

Ililetwa kwenye sanduku la mbao lililotandikwa nyasi kavu, kama mayai ya kuku anayeatamia. Chupa sita. Midomo ilikuwa imezibwa kwa nta nyekundu, na kila chupa ilikuwa na namba iliyoandikwa kwa mkono. Mimi niliishia darasa la tatu, lakini namba nazijua. Nilidhani ni dawa ya ng'ombe.

"Shosho, hii ni bia," akasema kijana aliyekuja kumwoa mjukuu wangu.

"Bia gani inalala kwa nyasi?"

"Ya kutafutwa. Huwezi kuipata kwa baa. Walipika mara moja tu, ikaisha. Hizi nimezizungukia miezi mitatu. Mbili nilizitoa kwa daktari mmoja Nairobi, alikuwa amezificha kabatini."

"Alikuwa anamficha nani? Bibi yake?"

"Hapana, shosho. Anaziweka tu. Hazinywi."

Mtu ananunua pombe asiinywe! Nikauliza bei, kwa sababu mimi ni mtu wa kuuliza bei. Kijana akaona haya, akaninong'oneza. Nikatafuta kiti. Kwa chupa moja ya hiyo ungeenda soko la Kabati ukarudi na kuku wawili wa kutaga na bado ukanywa chai. Nikasema moyoni, Bwana, dunia imeharibika na mimi nikiwa bado ndani yake.

Lakini huo ulikuwa mshtuko wa asubuhi. Ule mkubwa ulikuwa bado njiani.

Siku hiyo ilikuwa ya ntheo ya mjukuu wangu. Ntheo ni mbuzi ambao watu wa mume huleta, wakachinjwa na kuliwa na pande zote mbili. Mpaka waliwe, msichana anaweza kukaa kwa mwanamume miaka thelathini na sisi bado tunamhesabu kuwa ni mgeni huko.

Mama yake, binti yangu, hakuwahi kuliwa ntheo. Watu walikuja mara moja, na mbuzi wao na kreti za bia ya dukani. Wazee wetu wakakataa bia, maneno yakapanda, wageni wakawafunga mbuzi tena kwenye pikapu. Nawakumbuka wote waliokaa pale, kila mmoja kwa jina lake, alikaa wapi na alisema nini. Binti yangu alisimama mlangoni akiangalia vumbi la ile pikapu. Alingoja warudi. Baadaye akaacha kungoja, na baadaye tena akaugua. Amezikwa hapa kwangu, nyuma ya ghala, na kaniachia mtoto wa miaka minne. Mtoto huyo ndiye aliyekuwa anaolewa sasa. Kwa hiyo niliamka na ombi moja tu: mbuzi wasirudi kwenye gari.

Mwenye uwezo wa kuwarudisha sasa alikuwa shemeji yangu. Ni ndugu mdogo wa marehemu mume wangu, na sasa ndiye mkubwa wa boma. Hajaokoka na hafichi. Wageni walipokuja mara ya kwanza kujitambulisha, aliwaambia wazi, "Soda ni ya watoto. Mbuzi bila uki wa asali ni nyama tu."

Uki ndiyo pombe yetu. Na nani angeupika? Zamani hukuuliza. Uki ulikuwa na jina la mtu. Ulisema leo twende kwa fulani, wa kwake ni mkali. Kesho twende kwa fulani, wa kwake una utamu unaokuja nyuma. Nawakumbuka wapishi hao wote, kutoka mtoni mpaka sokoni, na majina ya mama zao. Siyaandiki hapa kwa sababu wajukuu wao wengine ni mapasta.

Mimi nilikuwa mmoja wao. Wengine husema uki wa asali ni kazi ya wanaume, lakini kwa mama mkwe wangu haikuwa hivyo. Yeye ndiye aliyenipa miatine. Hayo ni matunda marefu ya mti unaoitwa mwatine. Unayakata, unayakausha, unayalowesha kwenye uki mpaka yauzoee, na tangu siku hiyo ndiyo yanayoamsha asali. Hayatupwi. Yanaanikwa, yanawekwa kwenye kitete, kibuyu kidogo, juu ya moshi wa jiko, na mama mkwe humpa mke wa mwanawe. Miatine ya mama mkwe wangu ilikuwa imetoka kwa mama mkwe wake.

Halafu tukaokoka. Mwinjilisti alikuja, akawasha moto mbele ya kanisa, akasema kila mwenye kitete akilete. Mimi nilitangulia. Nyuma yangu alikuwa jirani yangu, rafiki yangu tangu tukiwa wasichana wa kuteka maji. Nikatupa kitete changu, yeye akatupa chake, watu wakaimba, tukakumbatiana tukilia.

Sasa nitaandika jambo ambalo sikuwahi kumwambia mtu. Ndani ya kitete changu kulikuwa na magunzi ya mahindi. Miatine niliiacha nyumbani, kwenye kitete kingine. Sikunywa tena hata tone, hilo Mungu anajua. Lakini kila msimu wa asali niliitoa, nikailowesha usiku mmoja katika maji ya asali, nikaianika nyuma ya ghala, nikairudisha juu ya moshi. Sikujua naiweka kwa ajili ya nini. Nilishindwa tu kukubali niwe mimi wa kuiua.

Basi wazee wakakaa, sanduku likafunguliwa, kijana akakata nta kwa kisu. Shemeji akanyoosha shingo.

"Nani amepika?"

"Ni bia ya asali, mzee, ya kampuni ndogo ya Nairobi. Wanapika kwa mkono, kidogo kidogo."

"Mkono wa nani?"

Kijana akaangalia chupa kama ingemsaidia.

"Sikia, kijana," shemeji akasema. "Hapa kwetu mpishi huonja kwanza, wageni wakiona. Uki wa asali huficha mambo. Watu wameuawa kwa kikombe kitamu. Mpishi yuko wapi?"

"Naweza kuonja mimi, mzee."

"Wewe ni mwenye haja. Mwenye haja hunywa hata sumu akatabasamu."

Wazee wakacheka, lakini shemeji hakucheka. Mjomba wa kijana, mzee mwenye duka la vifaa vya ujenzi kule Malili, akasema kwa upole kwamba hii ndiyo bia ghali kuliko zote walizowahi kuona, wameileta kwa heshima.

"Ghali nimesikia," shemeji akasema. "Mimi nimeuliza mpishi. Kama haina mpishi, ifungeni tena. Na mbuzi pia."

Nikageuka. Pale mlangoni, mahali pale pale mama yake aliposimama, mjukuu wangu alikuwa amesimama.

Kijana akashika chupa kwa mikono miwili. "Angalau niwasomee, wazee, imeandikwa hapa. Asali ya Mwingi. Na miatine ya zamani, iliyotunzwa kwenye moshi na bibi mmoja wa Kitui."

Nikamwangalia mjukuu wangu. Akaangalia vidole vyake vya miguu.

Sikumbuki nilivyofika jikoni. Nilipanda kwenye kigoda, nikashusha kitete. Uzito ulikuwa ule ule. Nikatingisha, kikalia vile vile. Nikafungua. Ndani kulikuwa na magunzi ya mahindi.

Yaani magunzi, kama yale niliyoyatupa motoni. Mjukuu wangu akaingia nyuma yangu.

"Susu, nyanya yangu, nisamehe. Niliichukua Krismasi iliyopita, msimu wa asali ukiwa umekwisha. Nilisoma nao chuo, hao wanaopika. Walikuwa wanauliza kila mtu kama miatine ya kweli bado iko. Nikawapa. Sikujua mzee angekuja kudai uki. Alipodai, nikamwambia mpenzi wangu atafute hiyo na asiniulize kwa nini."

"Na wewe hukuogopa ningeona?"

"Uone nini, susu? Uliichoma mbele ya kanisa. Nilijua huwezi kuuliza kitu ulichokwisha choma."

"Na magunzi nani alikufundisha?"

"Hakuna. Nilitafuta tu kitu chenye uzito kama huo."

Mtoto wa nyoka ni nyoka. Nilitaka kumpiga kofi na nilitaka kucheka, na nikasikia nje sauti ya shemeji akiwaambia vijana waangalie kama kamba za mbuzi ziko.

Nikatoka. Uwanjani kulikuwa na akina mama wa kanisa waliokuja kusaidia kupika, na rafiki yangu alikuwa anakoroga pilau na mwiko mrefu. Ilibidi nipite mbele yake.

"Shemeji," nikasema. "Mpishi ni mimi."

Shemeji akaniangalia juu mpaka chini.

"Wewe ulichoma vyako," akasema.

"Nilichoma magunzi. Miatine iliyomo humo ni ile niliyopewa na mama yako. Nileteeni kikombe."

Mwiko wa pilau ukasimama. Sikugeuka. Nilimiminiwa, nikaona povu, kitu ambacho uki wetu hauna hivyo, na kikombe kilikuwa baridi kama jiwe la kisimani. Nikaonja mbele ya kila mtu, mimi mwombezi wa kanisa, mwanamke wa kufunga chakula na maji nikiwaombea wengine.

Sikutegemea kitu. Nilidhani nitaonja maji ya Nairobi. Badala yake alikuja mama mkwe wangu. Moshi kwanza, ule moshi wa jiko lake la mawe matatu. Halafu asali. Halafu uchachu mdogo chini ya ulimi, unaochelewa, ambao alikuwa akiniambia nikiukosa nimwage yote nianze tena. Mwanamke huyo ni udongo siku nyingi, na mkono wake ulikuwa umekaa kwenye kabati la daktari asiyekunywa. Niliogopa.

Nikampa shemeji. Akanywa kidogo, akanywa tena, akabaki amekishika kikombe karibu na kidevu. Mwishowe akasema, na si kwetu, "Huu ni wa mama."

Halafu akajifuta uso na kofia yake, akapiga kelele, "Nyinyi vijana mnangoja nini na hizo kamba? Si mchinje!"

Mbuzi walichinjwa. Nilisimama pale mpaka nikaona damu ya watatu wote, sikuamini kabla ya hapo. Kijana alinijia.

"Shosho, kumbe nilizunguka miezi mitatu kutafuta kitu cha jikoni kwako?"

"Kumbe."

"Sasa niambie ukweli. Inafaa hiyo bei?"

Nikamwambia imewekwa baridi mno, na wameichuja mpaka imekuwa kama imeoshwa, mama mkwe angewafukuza jikoni. Nikamwambia kama ungeniuliza asubuhi ningesema aliyeinunua apelekwe kuombewa. Nikamwambia pia miatine irudi, yote, kabla hawajafikiria kupika mara ya pili, maana sasa ni ya mke wake, si ya kampuni. Akasema ndiyo, shosho, ndiyo. Bei sikuijibu. Ningejibu nini? Nilikuwa bado na uchachu ule mdomoni, na ningemlipa mtu kuku wangu wote auache ukae.

Jioni jua likiwa bado kwenye mabati, wageni walikuwa wamekula wakaanza kuagana. Wazee wakataka chai nyingine. Niliingia jikoni, moto ulikuwa umelala, na kuni kavu zilikuwa zimeisha. Nikachukua kile kitete, nikamwaga magunzi ya mjukuu wangu kwenye mafiga. Yakashika mara moja.

Rafiki yangu alikuwa ameketi pale akikwangua sufuria. Hakuwa ameniambia neno tangu saa sita. Akainua pua.

"Harufu hii naijua," akasema.

Nikasukuma magunzi ndani zaidi.

"Siku ile ya moto wa kanisani nilikuwa nimesimama upande wa moshi. Chako kilinuka hivi hivi. Nikadhani ni upepo, umeleta moshi wa jiko la mtu. Halafu nikatupa changu." Akaendelea kukwangua. "Miatine ikiungua hunuka kama sukari guru ikiungua. Nilipoisikia yangu ndipo nilipojua hukuchoma yako. Ilikuwa imechelewa, singeweza kuitoa motoni watu wakiimba."

"Na ulinikumbatia."

"Ningefanya nini? Ulikuwa unalia vizuri sana."

Miaka yote hiyo! Tumefunga pamoja, tumezika pamoja, amenishika mkono nilipomzika binti yangu, na alikuwa anajua. Nilikaa chini kwenye majivu na nguo yangu ya ntheo. Yeye akaweka sufuria kando, akapangusa mikono kwenye leso yake, akachungulia nje kuona kama akina mama wengine wako mbali.

"Imebaki?" akauliza.

Ilikuwa imebaki nusu chupa, shemeji alikuwa ameificha nyuma ya mtungi. Nikamletea. Hakunywa. Aliishika kwa mikono yote miwili, akaiweka chini ya pua, akafunga macho, akakaa hivyo mpaka chai ikaanza kuchemka na kumwagika motoni, na hakuna kati yetu aliyeinuka kuitoa.

Halafu akanirudishia chupa.

"Ya kwangu," akasema, "ilikuwa na uchachu zaidi."