Vichwa Vikavu vya Maua

Kinyozi yule akiona kichwa hakijatengenezwa, mkono unamwasha. Basi mkewe aliposafiri kwenda kumuuguza dada yake, akaingia bustanini na mkasi, akakata kila ua lililokauka, akafagia, akachoma. Nani alimtuma? Kiherehere tu.

Jirani, mama mmoja asiyepitwa na kitu, akachungulia uani. "Shemeji, mbegu umezianika wapi?"

"Mbegu gani?"

"Si hizo za kwenye maua makavu! Mkeo huyaacha yakaukie kwenye shina ndipo avune. Maua ya marehemu mama yake hayo, na nyumba ya mama ilishauzwa. Zitatoka wapi nyingine?"

Kinyozi akanywea. Alipiga magoti, akalichekecha lile jivu kwa kichujio cha chai. Hakupata hata punje. Maji yakimwagika hayazoleki. Tangu siku hiyo akawa ananyoa watu kimyakimya, yeye ambaye mdomo wake hushindana na mashine, hadi mteja mmoja akamuuliza kama amefiwa.

Mke akarudi. Kinyozi alikuwa amejiandaa kuomba radhi, lakini mkewe akamtangulia kufika bustanini. Mke alitazama bustani, uso ukamchanua.

"Baba watoto! Kumbe miaka yote hii ulikuwa unaniangalia ninavyovuna! Na mimi nikidhani hujali."

Akaingia ndani, akatoka na kopo tupu la poda, akalipuliza vumbi, akamnyooshea.

"Haya, nitilie mbegu za mama."