Nasaba ya Ndizi

Binti yangu alirudi kutoka sekondari akasema Jumamosi watakuja wataalamu wa chuo kikuu kuwaonyesha vinasaba, na wazazi tumekaribishwa. Mimi neno lile lilikuwa geni kwangu. Mamamkwe yeye alisikia nasaba, neno alilolijua tangu madrasa.

"Wanakuja kupima nasaba? Vizuri. Tutakwenda wote."

Tangu hapo chakula kilinishinda. Binti yangu ni mweupe, na mimi na baba yake ni weusi. Sitamsingizia mamamkwe, hakuwahi kunitukana. Alikuwa akimtazama tu mtoto, kisha ananitazama mimi. Nilijua sina kosa. Lakini mashine si hukosea? Sikusoma sana, labda ndiyo maana niliogopa.

Ukumbini tulikuta ndizi. Wanafunzi waliziponda kwa chumvi na ile sabuni ya maji iliyokuwa imeanza kujaa madukani, wakachuja, kijana mtaalamu akamimina spiriti. Vikaelea vitu vyeupe kama kamasi.

"Hivi ndivyo vinasaba vya ndizi."

"Ndizi nayo ina nasaba!" mamamkwe akasema kwa sauti. "Imeolewa na nani?"

Ukumbi mzima ulicheka. Wanafunzi waliuliza habari za mapacha, na za mahindi yenye punje za rangi mbili, mengi yalinipita. Kisha mamamkwe akanyoosha mkono.

"Shikamoo, bibi," mtaalamu akasema.

"Marahaba. Mtoto mweupe, wazazi weusi. Huyo wa nani?"

Nikainamia sakafu. Binti yangu alikuwa mstari wa mbele.

"Anaweza kuwa wao kabisa, bibi. Rangi hujificha, ikaja kutokea kwa mjukuu."

Nilitamani anyamaze hapo. Lakini yule kijana, nimpe haki yake, hakutaka kudanganya. "Ila kwa kumtazama tu huwezi kukubali wala kukataa. Mpaka vipimwe, kule Dar es Salaam."

"Kumbe vinapimika," mamamkwe akasema, akakaa.

Tulipandisha mlima kurudi nyumbani. Mwishowe mimi ndiye niliyesimama. Sijui ujasiri niliutoa wapi.

"Mama, twende Dar. Mimi, mwanao na mjukuu wako. Tupimwe."

Alinitazama, akakaza ushungi wake.

"Mwende wote watatu? Na kabichi avune nani?"

Akatangulia. Kabichi tulivuna, naye suala la kupimwa hakulitaja tena. Sijui kama aliridhika au aliahirisha tu. Kila akisema ana safari ya Dar, mimi huacha ninachofanya, nikasubiri amalizie.