Mwanamke Aliyeuonea Wivu Mlima

Mtaani walimwita Fundi, na hata mumewe alimwita hivyohivyo. Cherehani yake ilikaa chumba cha mbele, mlango ukitazama barabara na barabara ikitazama milima. Kazi yake ilikuwa kushona vilivyochanika huko juu: mahema, mabegi ya mgongoni, makoti ya mvua, mifuko ya kulalia. Akilishika hema tu alijua kama lilipita kwenye miiba au liliburuzwa juu ya mawe. Lakini yeye mwenyewe hakuwahi kupanda kupita chemchemi ya maji moto, pale ambapo watu wa mjini huenda siku za mapumziko, wakaloweka miguu, wakapiga picha na kurudi kabla jua halijachwa.

Mumewe alikuwa mwongoza wageni. Walimpachika jina la Kwato tangu ujana wake kwa vile alivyokanyaga mawe kama mnyama aliyezaliwa hukohuko. Yeye ndiye aliyewapeleka watu kwenye korongo lenye daraja la kamba, kwenye maporomoko yanayoficha pango nyuma yake, na kwenye ziwa lililolala peke yake juu kabisa, mahali ambapo hakuna mti. Nyumbani hakuwa msemaji. Akirudi alivua viatu mlangoni, akala, akasema, "Huko salama," akaenda kulala. Fundi alishazoea. Alijua ameolewa na mtu mkimya, akampenda na ukimya wake.

Mpaka alipoingia Mwalimu.

Alikuwa mjane aliyestaafu kufundisha, mrefu, mwenye kicheko cha kujaza nyumba. Kila kiangazi kilipofika alipanda basi kutoka mji wa tambarare akaja kutembea milimani, na hakutaka kuongozwa na mtu mwingine ila Kwato. Kama Kwato yuko na wageni wengine, yeye alingoja. Mwanzoni Fundi hakuona neno. Mwalimu alimzidi umri, alimletea vitambaa vizuri, na alimwita "wifi yangu", kwa maana Kwato alikuwa kama kaka yake.

Jambo hilo lilimkera zaidi dada yake Kwato, aliyeuza viatu vya mitumba mlango wa pili. "Eti anakuita wifi?" alisema. "Wifi yako ni mimi. Hiyo nafasi nani kaitangaza?"

Fundi alicheka. Kicheko kilikwisha jioni moja walipokuwa watatu mezani, Mwalimu akimega mkate kama aliyezaliwa nyumba ile.

"Safari hii tukivuke Kisu mapema," Mwalimu alimwambia Kwato, "kabla upepo haujaamka. Nisije nikakuona unatetemeka tena."

Kisu ndivyo waongozaji walivyoliita jiwe refu jembamba linalounganisha ziwa na kilele, mteremko huku na mteremko huku.

"Nani anatetemeka?" Fundi aliuliza.

"Huyu. Kwani hujui? Pale anaogopa kama mtoto aliyeona sindano. Mpaka aimbe ndipo avuke."

Kwato alikohoa, akatazama ndani ya kikombe chake kama kuna kitu kimedondokea humo. Fundi naye akatabasamu, tabasamu la kujikaza, akaondoa vyombo kabla watu hawajamaliza kula.

Jikoni roho ilimuuma vibaya. Angemkuta mumewe amemshika mwanamke mkono labda angejua la kufanya. Angepiga kelele, watu wangejaa, yangekwisha. Lakini hili angelisema vipi? Kwamba mwanamke mwingine anajua mume wangu anaogopa nini, na mimi sijui? Kwamba anaimba? Miaka yote ile hakuwahi kumsikia hata akipiga mluzi.

Kuanzia hapo wivu ukampanda kichwani, ukakaa. Alianza kusikiliza ukutani kila Mwalimu alipokuja kuongea na Kwato. Alipekua begi la mumewe akakuta soksi na kamba. Alimuuliza maswali ya mtego. "Huko juu huwa mnaongea nini?" Kwato akajibu, "Mambo ya njiani tu." Jibu la namna hiyo lilikuwa sawa na kumwagia moto mafuta ya taa. Akishona, sindano iliruka, uzi ulikatika, na wateja wakaanza kulalamika kwamba mishono inakwenda upande.

"Wifi," akasema dada wa mume, aliyekuwa akimtazama mlangoni, "mtu akikonda namna hii ni ama mgonjwa ama mwenye wivu. Ningekuwa wewe ningepanda nao nikajionea mwenyewe."

Fundi akachukua viatu dukani kwa wifi yake, akavivaa palepale, akaenda nyumba ya wageni alikofikia Mwalimu. Alikuwa amejiandaa kwa ugomvi. Alisema, "Safari hii naenda na nyinyi."

Mwalimu akamkumbatia. "Nimekuwa nikimwambia kila mwaka akulete," alisema. "Anasema hupendi."

Hilo nalo likaingia kama mwiba. Alikuwa hajawahi kuulizwa.

Kwato hakufurahi. Alisema njia ni mbaya, alisema kazi itasimama, alisema kule si kwa kwenda tu. Fundi aliendelea kufunga begi. Asubuhi wakaondoka watatu, Kwato mbele, uso umemvimba kama aliyeumwa na nyuki.

Uvimbe ule haukufika mbali. Walipopita chemchemi na kuingia kwenye korongo, Kwato alianza kubadilika mbele ya macho ya mkewe. Mabega yalishuka. Alipofika kwenye daraja la kamba aligeuka, akaanza kusimulia jinsi mto ulivyolichimba jiwe lile kidogo kidogo, akaweka utani, akamwiga mgeni fulani aliyevuka kwa kutambaa akimwita mama yake. Mwalimu alicheka mpaka akashika mbavu. Kwenye maporomoko aliwapitisha nyuma ya maji, wakasimama ndani ya pango, pazia la maji likinguruma mbele yao na mwanga ukiwachezea usoni, na Kwato akainua sauti kushinda ngurumo ile, akieleza, akionyesha, mikono ikiruka.

Pango lilikuwa zuri kuliko chochote alichowahi kuona Fundi, na hakuliona sawasawa. Alimwona mumewe tu. Kumbe maneno anayo. Kumbe anayo tele, na yote huyamwaga huku kwa watu wa kupita, kisha akashuka nyumbani na mfuko mtupu. Mpaka hapo alikuwa akimwonea wivu mwanamke mmoja. Sasa aliwaonea wivu wageni wote waliowahi kuvaa buti, na mawe waliyoyakanyaga.

Walilala kando ya ziwa. Asubuhi, maji yakiwa bado meusi na upepo haujaanza, walifika kwenye Kisu.

Kwato akaacha hadithi yake katikati. Jasho lilimtoka ingawa baridi ilikuwa ya kung'ata. Mwalimu akatangulia, na Kwato akanyoosha mkono akashika mkanda wa begi la Mwalimu, pale pale ambapo Fundi alishona na kushona tena kila mwaka akijiuliza mama huyu anabeba nini mpaka mkanda unachakaa upande mmoja. Ndipo alipoelewa.

"Shika langu," Fundi alisema.

"Wewe ndiyo mara yako ya kwanza," Kwato alisema, bila kugeuka. "Ukiyumba tunakwenda wote."

"Nimesema shika langu."

"Fundi, tafadhali. Si hapa."

Akashika mkanda wa Mwalimu, akaanza kuimba, wimbo wa kitoto usio na kichwa wala miguu, sauti ikikwaruza. Wakaenda. Fundi akabaki nyuma yao, hasira imemjaa hadi masikioni, akapiga hatua. Hakutazama kushoto wala kulia. Alikazia macho mkono ule ulioshika mshono wake. Alipokuja kuzinduka alikuwa upande wa pili, ghadhabu ikiwa ileile. Akageuka akatazama alikopita. Akashangaa. Mahali pale hapakumtisha hata kidogo.

Mwalimu, ambaye si mjinga, alisema anakwenda kutazama maua nyuma ya jiwe, na akakawia huko.

"Kwa nini hukuniambia?" Fundi aliuliza.

Kwato alikaa chini, mikono katikati ya magoti. "Kuna siku upepo ulinibeba hapa. Nilibaki nimening'inia kwa kiwiko. Tangu hapo wageni wote nawaambia hali ya hewa mbaya, nawageuza ziwani. Huyu mama ndiye aliyenigundua."

"Ningekugundua mimi, kama ungenileta."

"Wewe ukijua naogopa, ungekuwa unalala nikiwa huku? Na nyumbani nilitaka niwe yule mwingine. Yule Kwato."

"Basi mimi nimeolewa na nani?" alisema Fundi. "Maana yule Kwato ninayeishi naye haongei, haimbi, haogopi. Hata jiwe lina joto mchana."

Kwato akamwuliza, kwa sauti ndogo, alipaonaje pangoni. Fundi akasema hakupaona. Kwato akaanza kumsimulia upya.

Waliporudi, Fundi ndiye aliyetangulia kwenye Kisu, na Kwato akashika mkanda wake.

Habari haikukaa. Wifi mtu aliisikia, akaitia chumvi, akaiuza pamoja na viatu, na kabla kiangazi hakijaisha wanawake waliotaka kufika kileleni walikuwa wakibisha hodi kwenye chumba cha cherehani. Fundi alikataa, kisha akaenda mara moja, kisha akajifunza njia zote na kupata kibali. Kwato akawa anaongoza mpaka ziwani, hapo Fundi anapokea. Siku ambazo Fundi alikwenda na kundi lake peke yake, Kwato alikaa nyumbani akijaribu kubandika viraka vilivyokuwa vinapinda, na mkewe akirudi, uso umeungua na jua, hana hamu ya kusema, alimfuata mpaka jikoni.

"Mlikuwa mnacheka nini huko? Niliwasikia mkiteremka."

"Mambo ya njiani tu," Fundi alimjibu, na aliona kabisa jinsi jibu lilivyomchoma.

Ungedhani kufikia hapo wivu wa Fundi mwenyewe ulikuwa umekufa. Hata yeye alidhani hivyo. Kiangazi kilichofuata Mwalimu alikuja akitembea kwa fimbo. Goti lilikuwa limekataa. Alisema hatapanda, atakaa kwenye chemchemi aloweke miguu, na Kwato akasema basi naye atakaa amsindikize, maana haifai mgeni aachwe pale mwenyewe. Fundi akaondoka na kundi lake, akitabasamu.

Kwenye ukingo wa korongo, mahali ambapo waongozaji wote husimama kuwaonyesha watu bonde zima, wageni walimzunguka wakamwuliza ule mto unakwenda wapi. Alianza kueleza. Katikati ya maneno macho yake yakashuka mpaka chini, kwenye mvuke mweupe wa chemchemi, na kando ya mvuke vitu viwili vidogo vimekaa karibu karibu. Kimoja kilikuwa kinarusha mikono hewani. Kwato alikuwa anasimulia kitu.

Fundi akasahau mto. Akawaambia wageni mvua inakuja, wageuke, na akawateremsha kwa mwendo uliowafanya wahemee midomoni.

Kwato alipowaona alinyanyua kichwa. "Mmerudi mapema."

"Mvua," Fundi alisema.

Wageni wakatazama juu. Hapakuwa na hata wingu moja. Mwalimu naye akatazama juu, kisha akamtazama Fundi kwa muda, akasogea kidogo kwenye jiwe. Fundi akavua viatu, akaketi katikati yao, akaingiza miguu kwenye maji ya moto.

"Haya," akamwambia mumewe, "ulikuwa umefikia wapi? Anza mwanzo."