Ngozi ya Injini

Baba yangu aliuza maksai wanne akanunua injini ya boti, na aliyemshawishi ni mimi. Nilikuwa nimetoka Bariadi, ninakofanya kazi masijala, kwenda kula sikukuu nyumbani Mwamanyili, nikamkuta analalamika kwamba pamba imemwangusha tena. Nikamwambia, kwa ile sauti tunayoitumia watu wa ofisini tukiwa kijijini, kwamba ng'ombe ni mali ya zamani, ziwa liko pale pale linaonekana tangu mlangoni, na mwenye injini hamlambi mtu miguu kwa ajili ya mvua. Akaniuliza injini yenyewe ina nguvu gani. Nikasema ya farasi kumi na tano. Akalinganisha kichwani farasi kumi na tano na maksai wanne, na sikuona sababu ya kumsumbua kwa maelezo zaidi.

Baba hajawahi kuvua hata kambare wa dimbwini. Maji anayoyaamini ni ya lambo, yale yanayomfika ng'ombe magotini. Kwa hiyo injini ilipofika hakuuliza inafungwaje kwenye mtumbwi. Aliuliza ataibilisa kwa nani.

Kubilisa ni desturi yetu Wasukuma ya kumpa rafiki ng'ombe wako akutunzie bomani kwake. Mtunzaji anakunywa maziwa, mwenye ng'ombe anabaki na ng'ombe wake, na ugonjwa ukiingia boma moja haumalizi mali yote. Masharti hayaandikwi popote na kila mtu anayajua. Kubwa kuliko yote ni la kifo: ng'ombe akifa, mtunzaji anamletea mwenyewe ngozi. Ngozi ikishatandikwa uani, maneno yameisha. Hakuna anayeuliza kama ulimuuza au ulimchinja ukala na shemeji zako.

Rafiki aliyechaguliwa alikuwa mvuvi wa mwaloni, kule mitumbwi inakoegeshwa, mzee aliyechunga na baba tangu wote wawili hawajaota ndevu. Mimi namwita baba mdogo. Ni mtu wa maneno machache, na hayo machache huyasema akiangalia pembeni. Walikubaliana palepale uani: samaki ndio maziwa, baba atapata mboga yake, na kuhusu ndama baba alisema tutaona, kwa maana hakutaka kuonekana amekata tamaa mapema.

Mimi sikuridhika. Mtu aliyekaa masijala miaka yote hii hawezi kuona mali ikiondoka bila karatasi. Nilichapa fomu ya makabidhiano nakala tatu, nikaandika namba ya injini, nikawasainisha wazee wawili ambao walikuwa wameshapeana mkono na kuagana. Kisha nikafungua faili. Ndani ya faili nikaweka fomu, risiti, na kile kitabu cha maelekezo kilichokuja na injini. Baba mdogo aliuliza kama kitabu hakitakiwi kukaa karibu na injini. Nikamweleza kwa upole kwamba kiko kwa Kiingereza, na mwaloni kingeishia kufungia dagaa. Kitakuwa salama Bariadi.

Na kweli kilikuwa salama. Kwetu masijala faili likishaingia kabatini, halipati baridi, halipati joto, na halisumbuliwi na mtu.

Lazima niseme jinsi mzee yule alivyoitunza ile injini, kwa sababu baadaye niliyasahau haya yote kwa makusudi. Kila akitoka majini aliifungua kwenye mtumbwi, akaibeba begani mpaka kwake na kuitundika kwenye kigogo alichokichonga mwenyewe, chini ya paa la nyasi. Petroli aliichuja kwa kitambaa kabla ya kuichanganya na oili. Plagi alizisugua kwa mswaki wa zamani mpaka zikang'aa. Panga boi, lile la kusukumia maji, alilikagua kila siku kwa kidole, akitafuta nyuzi za nyavu zilizojisokota. Baba alikuwa akienda kukagua mali yake mara moja kwa wiki, na kwa kuwa kitu alichokielewa ni kimoja tu, alikiangalia hicho: injini ikiwaka, je, inakojoa? Injini za boti hurusha kijito cha maji kando kuonyesha zinapoa vizuri. Baba alisimama ufukweni, mikono nyuma, akakitazama kile kijito kama anavyomtazama dume la kununua, akarudi nyumbani ameridhika. Alinipigia simu kunijulisha. "Inakojoa vizuri," alisema, na mimi niliwasimulia wenzangu ofisini tukacheka.

Halafu siku moja, asubuhi ya kazi, baba mdogo akanipigia mwenyewe. Tulisalimiana mwangaluka kwa kirefu, akaniuliza habari za watoto, za mji na za mvua ya Bariadi, ndipo akafika kwenye shida. Alikuwa amefungua skrubu ya chini kuangalia oili ya gia. Siku zote ilitoka nyeusi. Leo imetoka nyeupe.

"Nyeupe vipi, baba mdogo?"

"Kama maziwa, mwanangu. Nikasema nikuulize wewe mwenye kitabu, kinasemaje?"

Nilicheka. Siyo kidogo, nilicheka mpaka mhudumu wa chai akageuka. Nikamwambia basi ampelekee baba habari njema, injini yake imezaa. Naye akacheka kidogo kwa adabu, kisha akarudia swali lake. Nikamjibu jibu ambalo nimewajibu watu wengi sana katika maisha yangu: kwamba nimelipokea suala lake, nitaangalia kwenye faili, nitamjulisha.

Kabati lilikuwa nyuma ya kiti changu. Sikuhitaji hata kusimama, ningezungusha kiti tu. Lakini chai ilikuwa imeshafika, na nikaisimulia ile hadithi ya injini inayotoa maziwa kwa idara yote, ghorofa ya chini na ya juu, na kila niliyemsimulia alicheka, nami nikaona nimeshalishughulikia suala. Jioni nilikuwa nimelisahau.

Baba naye habari ilimfikia, akafurahi kweli. Aliwaambia majirani kwamba kile chuma sasa kimeanza kulipa fadhila.

Kama majuma matatu yalipita. Jumamosi moja nikiwa nyumbani, pikipiki ikaingia uani na baba mdogo akashuka na gunia. Alivaa shati lake la kanisani. Alimsalimia baba, akakataa kiti, akafungua gunia na kukitoa kile kifuniko cha juu cha injini, kile cheusi kinachoonekana mtumbwi ukipita. Alikuwa amekiosha na kukipaka mafuta. Akakilaza chini mbele ya baba, mgongo juu, taratibu kabisa.

Akasema injini imekufa majini. Ilipiga kelele chini, ikakwama, wakapiga makasia toka asubuhi mpaka jua la mchana. Ameleta ngozi.

Baba alikitazama kifuniko kwa muda. Akainama, akakigusa, akashukuru kwa Kisukuma, wabeja, na akamwambia mama aweke maji ya ugali. Kwa upande wao wazee wawili, maneno yalikuwa yameisha.

Lakini mimi nimesoma. Nikasimama katikati ya uani, mbele ya mama, majirani wawili na mwenye pikipiki, nikasema hiyo si ngozi, ni plastiki, na plastiki ya namna hiyo inaweza kununuliwa popote. Nikasema injini za boti zinauzwa kila siku toka mwalo mmoja kwenda mwingine. Nikataja fomu, nikataja namba iliyoandikwa kwenye fomu, nikauliza kwa nini hakuleta injini nzima kama si kwamba haipo. Sikulitamka neno mwizi. Nilisema "kuna mazingira ya kutia shaka," maneno ambayo kwa Kiswahili chetu cha ofisini ni neno hilohilo limevaa tai.

Baba mdogo alinitazama usoni, safari hiyo siyo pembeni. Akainama, akakunja gunia lake mara mbili, akasema ugali ataula siku nyingine.

Sijawahi kumwona baba amekasirika kimyakimya namna ile. Alisema tu kwamba yule ni mtu aliyemwachia ng'ombe kwa miaka arobaini, na kwamba mimi nikitoka kwenda kuhakikisha, nihakikishe vizuri, kwa sababu kama mzee yule si mwizi basi baba hatajua atapitia njia gani kwenda ziwani tena. Sijui kama nililala. Nilikuwa na hasira, na hasira yangu ilikuwa safi kabisa, ya mtu mwenye nyaraka.

Kesho yake nilimchukua fundi kutoka Lamadi, nikampakia baba kwenye gari la kukodi, tukaenda mwaloni. Injini ilikuwa pale. Imetundikwa kwenye kigogo chake, kichwa wazi, imefunikwa kanga ili vumbi lisiingie. Nilitoa fomu mfukoni nikasoma namba kwa sauti, fundi akaisoma kwenye injini. Zililingana mpaka tarakimu ya mwisho. Wavuvi waliokuwa wakishona nyavu waliacha kushona.

Fundi hakujali mambo ya namba. Aliipiga ngumi ya kirafiki, akavuta kamba, akasema juu ni nzima, imekufa mguu. Akafungua gia za chini. Ukamwagika ule uji mweupe, na ndani yake vipande vya meno ya gia.

Akatueleza, akifuta mikono. Kuna mpira mdogo unaozuia maji yasiingie kwenye gia. Ukichakaa, maji yanaingia, yanachanganyika na oili, oili inakuwa maziwa. Ukiona maziwa unasimama siku ileile, unabadilisha mpira, kazi ya saa moja. Ukiendelea, gia zinatafunana. Akasema kila kitabu cha injini kina picha yake, hata mtoto anaielewa. Kisha akauliza swali la kawaida tu la fundi:

"Hivi yalipoanza kutoka maziwa, hamkumuuliza mtu?"

Nikamtazama baba mdogo. Alikuwa anaangalia pembeni, kwenye mitumbwi, kama mtu ambaye hakusikia. Ndipo nikaelewa. Angeweza kunimaliza jana palepale uani kwa sentensi moja, mbele ya mama na majirani, na hakusema. Alikubali kubeba jina la mwizi kwenye pikipiki mpaka kwake ili mtoto wa rafiki yake asiaibike mbele ya baba yake. Na sasa alikuwa tayari kuendelea kulibeba.

Nilikuwa na nafasi ya kunyamaza. Nakiri, niliipima, kwa sababu ilikuwa nafasi nzuri. Lakini nilikunja ile fomu, nikairudisha mfukoni.

"Aliniuliza mimi," nilisema. "Alinipigia simu. Nikacheka. Kitabu kilikuwa kwangu na sikukifungua."

Baba hakupandisha sauti. Alisema, "Kwa hiyo ng'ombe alipougua, huyu aliita mganga. Mganga akacheka."

Kisha akamgeukia rafiki yake, akavua kofia, akamwomba radhi kwa niaba yangu kwa Kisukuma cha zamani ambacho mimi nakisikia nusu. Mzee akamwambia avae kofia, jua kali.

Injini ilipona. Fundi aliweka gia na mipira mipya, na mshahara wangu ulijua habari hiyo kabla yangu. Lakini tulipotaka kurudisha kifuniko baba alikataa katakata. Alisema hajaona ng'ombe aliyevalishwa tena ngozi yake, na ngozi ikishapokelewa imepokelewa. Kwa hiyo mpaka leo injini ya baba hukatisha maji ya kwetu Busega imefunikwa dumu la bluu lililokatwa na kufungwa kwa mpira wa baiskeli, na wavuvi wanaijua kwa mbali. Kifuniko kiko nyumbani, kando ya mlango. Nikifika, wageni wengine wanapewa viti. Mimi baba hunionyesha kile. Ni kifupi, kina mgongo, na hakuna namna ya kukikalia ukaonekana afisa.

Kitabu kipo mwaloni, kimefungwa kwenye mifuko miwili ya nailoni. Nilikinakili kwanza, na nakala iko mezani kwangu, siyo kabatini. Baba mdogo akikwama anapiga, anataja picha na ukurasa, namtafsiria. Mara nyingi ni yeye anayenisaidia, maana Kiingereza cha mle ndani ni cha vyuma, mimi nimezoea cha barua.

Juzi amepiga nikiwa na foleni dirishani, mama mmoja amekuja kwa mara ya nne kuulizia faili lake la kiwanja. Nikamwomba asubiri. Nikamsomea baba mdogo ukurasa wote wa kusafisha kabureta, polepole, mara mbili. Akashukuru, wabeja, wabeja sana.

"Mwanangu," akasema, "hapo ofisini, hao wengine wanaouliza, nao huwa mnawafungulia kitabu?"

Mama wa kiwanja alikuwa ananitazama kupitia kioo. Kabati lilikuwa nyuma ya kiti changu.

Nikamwambia mtandao unakatakata, simsikii vizuri.